Huyu Simjui: Kuifunza Kompyuta Kutambua Moduleshini Inazozijua na Ngeni

Siku ya mnada pale Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, utamkuta mzee amesimama kando ya ng'ombe. Anashika sikio, anaangalia mkato, anapapasa alama ya moto pajani, kisha anasema, "Huyu ni wa kwa fulani." Anakwenda kwa wa pili, anamtaja mwenyewe vilevile. Akifika kwa wa tatu anatikisa kichwa: "Huyu simjui. Ametoka mbali." Mzee huyo nimemkumbuka mara nyingi nikiwa mbele ya kompyuta ambayo haikuwa na uwezo wa kutamka maneno hayo mawili.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Kibanda kipo Majengo, nyumbani ni Nkuhungu, na juu ya bati langu kuna antena tatu. Jioni moja alikuja mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, na modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, aliyoifunza mwenyewe kutambua aina za moduleshini za mawimbi ya redio. Tukaitegea wimbi lililokuwa likijitokeza karibu na megahezi 868 kila baada ya dakika chache.

"Mjomba, ni FM," akasema. "Ina uhakika wa asilimia 97."

"Hebu angalia maporomoko kwanza."

Kwenye maporomoko, yaani picha ya skrini inayoonyesha masafa yakibadilika kadiri muda unavyokwenda, kila mlio ulikuwa mstari ulionyooka ukipanda kwa mshazari. Ukifika juu unaanguka ghafla, unaanza kupanda upya. FM inayobeba sauti ya mtu haiendi hivyo, inayumba kama mtu anavyoongea. Ile ilikuwa LoRa, moduleshini ya milio inayopanda ambayo vihisi vya mbali huitumia kutuma taarifa chache kwa nguvu ndogo. Modeli haikuwa imefundishwa LoRa hata siku moja.

"Sasa mbona imesema FM?"

"Hukuipa nafasi ya kusema haijui."

Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyafanya baada ya jioni ile, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenionyesha mimi mapema.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Moduleshini ni namna wimbi linavyobebeshwa ujumbe. Unaweza kupandisha na kushusha ukubwa wake, hiyo ni AM. Unaweza kuyumbisha masafa yake, hiyo ni FM. Unaweza kurusha fezi yake, yaani pale lilipofika katika mzunguko wake, kwa hatua: hatua mbili ni BPSK, nne ni QPSK, nane ni 8PSK. Ukibadili ukubwa na fezi kwa pamoja unapata QAM. Kila hatua huchorwa kwenye skrini kama nukta, na namba iliyo kwenye jina, kama QAM16 au QAM64, ni idadi ya nukta hizo. Kompyuta tunaitaka itazame kipande cha wimbi na kusema limebebeshwa kwa njia gani. Kilichobebwa ndani hakituhusu.

Hapo nisisitize. Mawasiliano ya watu binafsi yanalindwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na msimamizi wa masafa ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Chukua umbo la wimbi, usifungue maudhui, usisambaze ulichonasa, na usirushe wimbi lolote hewani bila leseni. Yote ninayoeleza hapa ni ya kupokea tu.

Kupokea vizuri

Kipokezi kidogo cha USB chenye chipu ya RTL2832U na kichagua masafa cha R820T kinatosha kabisa. Kinashika takriban kuanzia megahezi 24 hadi 1,766, na kinatoa hadi sampuli milioni 2.4 kwa sekunde bila kudondosha. Kila sampuli, yaani kipimo kimoja cha wimbi, ni namba mbili, I na Q, ambazo kwa pamoja zinaonyesha ukubwa na fezi, na kila namba ni baiti moja. Piga hesabu: megabaiti 4.8 kwa sekunde, 288 kwa dakika. Flashi ya gigabaiti 32 inajaa kabla saa mbili hazijaisha, kwa hiyo rekodi vipande vifupi vingi kuliko kirefu kimoja.

Antena usinunue. Gawanya 300 kwa masafa ya megahezi upate urefu wa wimbi kwa mita, chukua robo, punguza kama asilimia 5. Kwa megahezi 125, ambako ndege huongea, wimbi lina mita 2.4, robo yake ni sentimita 60, unakata 57. Mikono miwili ya namna hiyo, waya wa shaba wa 2.5 uliobaki kwenye kazi ya umeme wa nyumba, na una antena.

Mambo matatu yaliniharibia rekodi za miezi ya mwanzo. La kwanza ni geini ya kujiendesha yenyewe, yaani kipokezi kujichagulia kiasi cha kukuza wimbi. Ikiachwa, inapandisha na kushusha ukubwa wa wimbi katikati ya rekodi, na modeli inajifunza tabia ya kipokezi badala ya tabia ya wimbi. Izime, uweke namba moja. Mimi huanza na desibeli 29.7, kisha naangalia kama sampuli zinagonga ukutani, yaani kama 0 na 255 zimejaa kwenye faili. Zikijaa, shusha. La pili ni ule mwiba unaosimama katikati ya spektra, yaani mchoro wa nguvu iliyopo kwenye kila masafa, muda wote. Unatengenezwa na kipokezi chenyewe. Tega pembeni kwa kilohezi 250 hivi, kisha hamisha wimbi hadi katikati kwa hesabu ndani ya programu.

La tatu ni joto. Nilikuwa nimefunga kipokezi darini, chini kabisa ya bati. Mwezi wa kumi mchana, Nkuhungu, huwezi kuweka mkono juu ya kile kichuma. Kioo chake cha kuhesabia muda kikipata joto kinahama, na masafa yote yanahama nacho. Kipokezi cha bei rahisi kikikosea sehemu 50 katika milioni, kwenye megahezi 433.92 hilo ni kosa la karibu kilohezi 22. Chenye kioo kilichodhibitiwa joto kwa sehemu 1 katika milioni hukosea hezi 434 tu. Nilikishusha kikakaa kivulini na kukiacha kiwake nusu saa kabla ya kurekodi. Nukta za QPSK, ambazo zilikuwa zikizunguka skrini hadi kuwa duara, zikaanza kutulia pembe nne.

Kukusanya mifano

Zipo moduleshini ambazo Dodoma inakupa bure. Redio za FM kati ya megahezi 88 na 108. AM ya ndege kati ya 118 na 137. Minara ya simu ya GSM kati ya 935 na 960, ambayo ni GMSK, yaani kuyumbisha masafa kwa hatua mbili zilizolainishwa. Televisheni ya kidijitali, ambayo ni OFDM, yaani mawimbi madogo mengi yanayorushwa kwa pamoja. Rimoti ya gari lako mwenyewe kwenye 433.92: nyingi huwasha na kuzima wimbi tu, yaani OOK. Na chukua kelele tupu, pale ambapo hakuna kitu kabisa, uifanye aina inayojitegemea. Modeli isiyojua ukimya itapachika jina hata pale pasipo na kitu.

BPSK, QPSK, 8PSK na QAM ni rahisi zaidi kuzitengeneza ndani ya kompyuta kwa programu za NumPy au GNU Radio. Zalisha biti za kubahatisha, zipange kuwa alama (alama moja ni hatua moja ya fezi au ukubwa), zipitishe kwenye kichujio cha kulainisha kingo, kisha zichafue kwa makusudi: sogeza masafa kidogo, zungusha fezi, ongeza kelele kwa viwango tofauti. Badilisha kila kitu kila mara. Ukitumia kichujio kimoja tu, modeli itakariri kichujio.

Ukitaka pa kuanzia, ipo hazina ya RadioML ya mwaka 2016 iliyotayarishwa na Timothy O'Shea na wenzake: aina 11, mifano 220,000, kuanzia wimbi lililo chini ya kelele kwa desibeli 20 hadi lililo juu yake kwa desibeli 18. Ya mwaka 2018 ina aina 24 na inazidi gigabaiti 20. Kama unatumia bando la simu, iache kwanza. Hiyo ya 2016 ni shule nzuri hata kwa makosa yake. Kila kipande kina sampuli 128, na kila alama inachukua sampuli 8. Ina maana modeli inaona alama 16 tu. QAM64 ina nukta 64. Ni vigumu kutofautisha nukta 64 na nukta 16 ukiwa umeonyeshwa alama 16, na ndiyo maana wengi wanaoitumia wanaona QAM16 na QAM64 zikichanganywa. Usimlaumu mwanafunzi kwa swali lenye taarifa chache mno.

Mkanganyiko wa pili maarufu mle ni FM na AM. Huo niliuona kwa macho yangu kwenye masafa ya ndege. Mwongoza ndege anabonyeza kitufe, anavuta pumzi, halafu ndipo anaongea. Kwa ile pumzi, hewani kuna wimbi tupu lisilobebeshwa chochote, na wimbi tupu la AM na wimbi tupu la FM ni kitu kimoja. Niliviondoa vipande hivyo na kuviweka kwenye aina yao, nikaiita "wimbi tupu". Mkanganyiko kati ya FM na AM ukapungua mara moja.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni mwendo. Kipande cha sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli milioni 1.024 ni milisekunde 1. Rimoti inayotuma biti 1,000 kwa sekunde itaonyesha biti moja tu ndani ya kipande hicho: imewaka, au imezimwa. Hiyo si OOK tena, ni wimbi tupu au kelele. Kwa hiyo kabla ya kukata vipande, pima upana wa wimbi kwenye spektra na upunguze kasi ya sampuli ilingane nao. Mimi hulenga sampuli 8 hivi kwa alama moja.

Gawa kwa siku, usigawe kwa vipande

Modeli yangu ya kwanza ilipita asilimia 95. Nikafurahi, nikamwita mpwa aje aone. Wiki iliyofuata nikarekodi upya, ikaanguka hadi karibu nusu. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimechanganya vipande vyote kwenye kapu moja, kisha nikachota vya kufunzia na vya kupimia humohumo. Vipande viwili vilivyofuatana ndani ya rekodi moja vina geini moja, joto moja, kosa moja la masafa. Modeli ilikuwa ikitambua rekodi, haitambui moduleshini.

Tangu hapo rekodi za Jumatatu na Jumanne ni za kufunzia, za Alhamisi ni za kurekebishia, za Jumapili ni za kupimia, na hazikutani. Kila faili lina kijidaftari chake: tarehe, saa, antena, geini, masafa.

Anza na hesabu ya mkono

Kabla ya mtandao wa neva, yaani modeli inayojifunza kwa tabaka za hesabu, jaribu vipimo vichache unavyovielewa. Ninachokipenda kuliko vyote ni kipimo cha daraja la nne, kinachoandikwa C42, ambacho Swami na Sadler walikionyesha mwaka 2000. Sawazisha nguvu ya wimbi iwe 1. Chukua wastani wa ukubwa uliopandishwa daraja la nne, toa mraba wa ukubwa wa wastani wa wimbi lililozidishwa kwa lenyewe, kisha toa 2.

Kwa QPSK nukta zote zina ukubwa 1, kwa hiyo cha kwanza ni 1. Zikizidishwa kwa zenyewe zinafutana, kwa hiyo cha pili ni 0. Jibu ni 1 − 0 − 2, sawa na −1. Kwa BPSK hazifutani: 1 − 1 − 2, sawa na −2. QAM16 inatoa −0.68, QAM64 inatoa −0.62. Na uzuri wake ni kwamba kelele ya kawaida ina sifuri kwenye kipimo hiki. Ukiijua nguvu ya kelele unaweza kuitoa kwenye usawazishaji. Namba hizi ni za sampuli zilizopigwa katikati ya alama. Ukipima popote pale zitasogea, lakini mpangilio wake hubaki.

8PSK nayo inatoa −1 kama QPSK, na FM pia kwa kuwa ukubwa wake haubadiliki. Hapo tumia ujanja mwingine: pandisha wimbi zima daraja la pili, la nne, la nane, na kila mara tazama spektra. BPSK inachomoza mwiba kwenye la pili. QPSK inakaa kimya hadi la nne. 8PSK hadi la nane. Fanya hivi mara moja kwa wimbi ulilolitengeneza mwenyewe, uone mwiba ukitoka mahali palipokuwa na kelele tu.

Vipimo hivi ukivipa programu nyepesi ya msitu wa miti ya maamuzi, unapata modeli inayofanya kazi kwenye laputopu ya kawaida. Mtandao wa neva uje baadaye, na ushindane nayo. Wetu ni mdogo, umejengwa kwa programu ya PyTorch: mistari miwili ya I na Q inaingia, tabaka nne za vichujio, kisha tabaka ya namba 64, kisha majina. Tuliufunza kwenye kompyuta za bure za mtandaoni. Hapo hakuna siri.

Kumpa nafasi mgeni

Sasa turudi kwa mzee wa mnadani. Hatua ya mwisho ya mtandao huitwa softimaksi. Kazi yake ni kugawa 1 nzima kati ya majina uliyoyatoa, yakiwa 11 basi kati ya hayo 11. Hakuna sehemu inayobaki. Ukiilisha chochote, jina litatoka. LoRa ile iliitwa FM kwa sababu ndani ya milisekunde 1 modeli iliona masafa yakipanda taratibu, kilohezi 15 hivi, na kati ya majina yote iliyokuwa nayo hilo ndilo lililokaribia. Kuweka kizingiti juu ya ile asilimia kunasaidia kiasi, lakini mgeni mwenye asilimia 97 anapita mlangoni bila kuulizwa.

Tulichofanya ni kuacha kumsikiliza msemaji na kutazama tabaka iliyo nyuma yake, ile ya namba 64. Kila kipande kinakuwa nukta kwenye uwanja wa namba hizo. Kwa kila aina, chukua vipande vya kufunzia ambavyo modeli ilivipatia, tafuta wastani wao; hicho ni kitovu cha aina hiyo. Kipande kipya kikija, pima umbali wake hadi kitovu kilicho karibu, ukizingatia kwamba kila aina imetawanyika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Umbali wa namna hiyo huitwa wa Mahalanobis. Kikiwa mbali kupita kizingiti, jibu ni moja: simjui.

Kizingiti kitoke kwenye rekodi za Alhamisi. Panga umbali wote wa vipande vinavyojulikana, weka mpaka pale ambapo 95 kati ya 100 wapo ndani. Maana yake umekubali kwamba wenyeji 5 kati ya 100 wataitwa wageni. Hiyo ni bei, na ni vizuri uijue unapoilipa. Weka mpaka tofauti kwa kila kiwango cha kelele, la sivyo kila wimbi dhaifu litafukuzwa kwa kuwa ni dhaifu tu. Njia ya OpenMax, ya Bendale na Boult mwaka 2016, inakwenda mbele zaidi: inapima mkia wa umbali wa kila aina, yaani vipande vilivyo mbali zaidi na kitovu, kwa hesabu za takwimu ziitwazo za Weibull na kuongeza jina la "mgeni" kwenye orodha. Tumeijaribu. Ila anza na umbali mtupu, kwa sababu unaweza kuuchora na kuona unakosea wapi.

Kuipima kunataka uaminifu. Ficha baadhi ya aina zisionekane kabisa wakati wa kufunza. Zigawe mafungu mawili: wageni wa kurekebishia njia yako, na wageni wengine wa kupimia. Ukitumia walewale pande zote mbili unajidanganya. Kisha watenge wageni wa mbali na wa karibu. LoRa ni ya mbali, ni rahisi kuikataa. 8PSK mbele ya modeli inayoijua QPSK tu ni mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji, na hapo ndipo modeli nyingi hushindwa. Andika namba mbili kila mara: wenyeji wangapi wametambuliwa sawasawa, na wageni wangapi wamezuiwa. Ukizijumlisha kuwa moja, udhaifu unajificha.

Wala usiamue kwa kipande kimoja. Ujumbe mmoja unaorushwa unatoa vipande 30 au zaidi. Subiri vyote viseme, uhesabu kura.

Baada ya kukataa

Wageni usiwatupe. Wahifadhi na namba zao 64, kisha tumia programu ya kukusanya wanaofanana. Sisi tunatumia DBSCAN kwa kuwa haikulazimishi kutaja idadi ya makundi mapema. Kila kundi lipe jina la muda, ulitazame kwa macho kwenye maporomoko.

Mgeni 1 wetu alikuwa kivuli cha kituo cha FM chenye nguvu kilichokilemea kipokezi. Namna ya kumjua: shusha geini kwa desibeli 10. Wimbi la kweli linashuka 10. La uongo linaporomoka zaidi ya hapo au linatoweka. Mgeni 2 alitusumbua wiki mbili, hadi usiku mmoja umeme ukakatika mtaani, laputopu ikaendelea kwa betri, na mgeni akafa papo hapo na taa. Ilikuwa kelele ya chaja na taa za nyumba za jirani.

Mgeni 3 ndiye yule wa megahezi 868. Mpwa alichukua rula ya kwenye skrini na kupima mstari mmoja: kilohezi 125 kutoka chini hadi juu, kwa milisekunde 8.192. Kwenye LoRa muda wa alama ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kadhaa, kugawanya kwa upana; idadi ya mbili hizo ndiyo huitwa SF. Mbili kumi zikizidishana ni 1,024, na 1,024 kwa 125,000 ni hiyo 8.192 hasa, kwa hiyo ni SF10. Aliandika mwenyewe kwenye kijidaftari, tukamtoa kwenye orodha ya wageni na kumfanya aina ya kudumu.

Kwa hilo tuna sharti moja: kundi haliwi aina mpaka lisikike siku tatu tofauti, maana la siku moja linaifunza modeli siku hiyo badala ya wimbi. Baada ya kufunza upya, vitovu na vizingiti vyote vinahesabiwa upya tangu mwanzo, kwa kuwa uwanja mzima wa zile namba 64 umehama.

Mgeni 4 yupo kwenye faili lake. Amesikika siku mbili.